Sombe Mbele ya Kamera

Kila ninapoalikwa kwenye televisheni kuwasimulia watoto hadithi, kitu cha kwanza ninachouliza ni saa. Wakinijibu saa nne asubuhi, nawaambia kwamba saa nne asubuhi nitakuja kuzungumza habari za mvua, za viatu vyangu, za chochote watakacho, lakini hadithi itasubiri jua lizame. Kijana mmoja wa kamera aliwahi kunieleza, kwa sauti ile ya kumbembeleza mgonjwa, kwamba chumba chao hakina hata dirisha moja. Nilimwambia jua halihitaji dirisha ili liwe juu. Wananiona mkaidi, na wana haki, ila ukaidi huu sikuuokota njiani.

Nilizaliwa Walikale, kwa watu wa kulima na kutega wanyama msituni. Kwetu hadithi ni ya jioni, chakula kikishaliwa. Anayesimulia jua likiwa juu, mama yake atapotea njia msituni na hatarudi. Mama yangu alibatizwa, alivaa rozari na hakukosa misa, lakini juu ya jambo hili hakutaka mjadala na mtu yeyote, hata mapadri. Alikuwa akienda msituni karibu kila siku, kuokota kuni na kutafuta uyoga, na alitaka kurudi nyumbani.

Miaka ya hamsini ilinikuta msichana mkubwa, mwalimu wa watoto wadogo katika misheni moja huko milimani Masisi. Jioni niliandika hadithi za Mama, na misheni ikazichapa katika kijitabu chembamba chenye picha ya kakakuona kwenye jalada. Watoto walikipenda mpaka kurasa zikachakaa. Nami nilitembea nimeinua kidevu, nikiitikia salamu za watu ambao hata hawajanisalimu.

Kabla ya kuandika nilikwenda kumwomba Mama ruhusa. Alinisikiliza huku akimenya ndizi.

"Andika, mutoto yangu," alisema. "Karatasi haina kinywa. Lakini siku nitasikia ulisimulia muchana mbele ya bantu, hautapata tena hadithi kwangu. Hata moja."

Kitisho hicho kilinigusa pabaya, kwa sababu kulikuwa na hadithi moja ambayo alikuwa hajawahi kunimalizia. Ilimhusu binti aliyeolewa na mto. Tangu utoto wangu Mama aliisimulia mpaka siku ya harusi, mto unapokuja kumchukua bibi arusi, kisha anafunga kinywa. "Ngoja upate akili," alisema kila mara. Nilipata meno, nikapata matiti, nikapata cheti cha ualimu; akili, kwa macho yake, ilikuwa bado. Na kijitabu cha pili hakikuwa na maana kwangu bila hadithi hiyo.

Ndipo akaja padri mwenye kamera. Alikuwa mnene, mcheshi, mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kutoa jasho hata kwenye baridi ya Masisi. Alizunguka misheni zote akipiga filamu na kuzionyesha kwenye kitambaa cheupe. Aliposoma kijitabu changu akaja mbio na mpango wake: nitasimulia habari ya kakakuona aliyemkaribisha chui nyumbani, watoto watanizunguka, naye atapiga filamu ionyeshwe kila mahali.

"Na Walikale pia?" niliuliza.

"Walikale ya kwanza! Mama yako ataona mutoto wake kwenye sinema!"

Nilimwomba tufanye jioni. Akacheka, akapigapiga kile chombo chake, akaniambia kinakula jua, bila jua hakioni kitu. Kukataa sikuweza, kwa kuwa nilitamani kuonekana. Nasema wazi: nilitamani sana. Nilikwisha nunua kitenge kipya soko la Sake. Kukubali nako sikuweza. Nilibaki na tumaini moja, ukungu, maana kule milimani ukungu unaweza kukaa juu ya nyumba mpaka mtu asahau rangi ya mbingu. Siku iliyopangwa niliamka nikatoka nje nimejifunika blanketi. Hakukuwa na ukungu. Milima yote ilionekana mpaka ng'ombe mmoja mmoja. Nilikasirika na hali ya hewa kama mtu aliyeibiwa.

Padri akanikuta nimenuna, akadhani naogopa.

"Hapana ogopa," alisema. "Hii mashini iko nakamata sura tu. Maneno mimi nitasoma siku ya kuonyesha, mu kitabu yako."

Nilimwangalia. Sura tu! Nilitaka kumkumbatia, ila padri hakumbatiwi.

Basi nilikaa mbele ya watoto wangu, kitenge kikimeta juani, na Padri alipoinua mkono nikaanza kuwaeleza jinsi ya kupika sombe. Nilifanya hivyo kwa ishara zote za hadithi. Chui aliponyemelea, mimi nilinyemelea shambani kuchuma majani ya muhogo. Chui alipoburuta mkia, mimi niliburuta kuni. Aliporukia mlango wa kakakuona, nilitwanga majani kwenye kinu kwa mikono miwili huku nimekunja uso. Na kakakuona alipojikunja akawa mpira, nilikunja mikono nikafunika chungu. Watoto walikufa kwa kicheko.

"Madamu, na chumvi?" mmoja alipiga kelele.

"Chumvi inakuja!" nilinguruma kichui, na Padri nyuma ya kamera akashangilia.

Filamu ilisafiri Ulaya kusafishwa, ikarudi, na likizo ilipofika Padri akanipakia garini pamoja na mitambo yake, tukateremka kuelekea Walikale. Njiani aliimba. Mimi sikuimba. Nilikuwa nimegundua, nimechelewa, kwamba Mama hajui habari ya sura na maneno. Ataniona jua likiwa juu, kinywa wazi, watoto mbele yangu, basi.

Jioni ile kitambaa kilitundikwa kwenye ukuta wa kanisa. Mama alikaa mbele kati ya wanawake wenzake, kichwani leso mpya, maana alikwisha tangaza mpaka mtoni kwamba binti yake yumo kwenye sinema. Nilimwamkia, lakini mashine ilikuwa imekwisha anza kunguruma, na maelezo yangu yakabaki kooni.

Nikatokea ukutani. Kwanza nilishtushwa na pua yangu, sikujua ina ukubwa ule. Kisha nikasikia minong'ono.

"Ee! Ile iko muchana!"

"Angalia kivuli yake!"

Wanawake waligeuka kunitazama. Mama naye aligeuka. Alinitazama tu, nikaona binti yule na mto wake wakiondoka moja kwa moja. Halafu akageukia kitambaa tena, akainama mbele, akawa anafuata mikono yangu. Baada ya kitambo mabega yake yakaanza kutikisika. Niliwaza, nimemliza mama yangu mbele ya kanisa.

Wakati huo Padri alikuwa amepotea kabisa. Alisoma kijitabu kwenye kipaza sauti polepole, silabi kwa silabi, na filamu haikumngoja. Mimi nilikuwa nimekwisha jikunja, yeye chui wake bado anapiga hodi. Wawindaji waliokaa nyuma wakaanza kuguna. Mama akasimama.

"Padri, pole, nyamaza kidogo," alisema. "Ile hadithi iko yangu."

Jua lilikuwa limezama, hakuna wa kumzuia. Alisimama kando ya kitambaa akaanza, na sauti yake ikaniingia kinywani kule ukutani kana kwamba tulikuwa tumepanga. Niliponyemelea, alinyemelea. Watu waliitikia kila alipowapa nafasi. Filamu ilipokwisha yeye aliendelea, mbele ya mwanga mtupu, mpaka chui akatoka mbio na pua iliyochubuka. Padri alipiga makofi kuliko wote, akatuomba tuanze tena, tukaanza tena.

Watu walipokuwa wakikunja mikeka nilimfuata. Nilikuwa na utetezi mrefu tayari, lakini yeye alitangulia.

"Mafuta ya mawese ulitia wapi?"

"Mawese gani, Mama?"

"Niliangalia mikono yako mwanzo mupaka mwisho. Ulichuma, ulitwanga, ulifunika chungu. Mawese sikuona. Batoto ya bantu watakula sombe kavu?" Akaangua kicheko, kile alichokuwa amekificha mabegani, akanishika mkono ili asianguke. Nami nikacheka mpaka machozi yakanitoka, kwa furaha na kwa kuwa hofu ilikuwa inatoka mwilini.

Alipotulia alijifuta macho kwa pembe ya leso. Akatazama juu ya miti, upande wa magharibi, kwa makini, kama anavyotazama kabla ya kuingia msituni. Kisha akatandika tena mkeka aliokwisha kuukunja.

"Ikaa," alisema. "Jua ilisha kuingia. Sasa ule mutoto mwanamuke, siku ya harusi, mto ikakuja mupaka ku mulango..."