Modemu Tatu kwa Laini Moja

Mimi niliishia darasa la nne, na sioni aibu kulisema. Nyumba yangu ya Nachingwea nimeijenga kwa mashine ya kusaga, na mashine yenyewe niliijua kwa mikono. Beringi ikifa nilikuwa naifungua, naifuta grisi, naitia kwenye mfuko wa rambo, naenda nayo dukani. Namwekea muuzaji mezani, naweka ya zamani juu ya mpya, naangalia tundu, naangalia unene. Zikilingana nanunua. Miaka yote ya tisini sikurudisha spea dukani hata mara moja. Watu walikuwa wanatoka Ruangwa kuja kuniuliza mkanda gani unafaa mashine gani.

Nayasema haya mapema ili mtu asidhani kwamba yaliyonipata kwenye habari ya intaneti yalimpata mjinga.

Binti yangu wa pili alikuwa mwalimu wa jiografia, sekondari ya hapahapa mjini. Alikuwa anakaa kwangu na watoto wake wawili, na huku anafundisha alikuwa anasoma chuo kikuu, ile ya kusoma ukiwa nyumbani. Kazi zake alitakiwa azipeleke kwa kompyuta. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya elfu mbili, na pa kutumia intaneti Nachingwea palikuwa mahali pamoja tu. Pakifungwa, alipanda gari mpaka Masasi. Mara mbili kazi yake ilichelewa. Mara ya pili chuo wakamwandikia: ikichelewa nyingine, unarudia mwaka mzima.

Aliniambia akiwa anachambua mchicha, hata uso hakuinua.

"Nikirudia, baba, naacha. Sina nguvu ya kuanza tena."

Neno hilo lilinikaa. Kwenye ukoo wetu hakuna aliyewahi kufika chuo kikuu. Mimi mwenyewe nilitolewa shule nikafukuze nguruwe shambani. Nikamwambia intaneti itakuja hapa sebuleni, na kazi ya tatu itatokea humu humu. Zilikuwa zimebaki wiki tatu. Siku yenyewe Ijumaa, mwisho saa kumi jioni.

Laini ya simu ya waya nilikuwa nayo. Nikaenda ofisi ya simu. Mama wa dirishani akaangalia, akasema laini yangu inafaa, wao watafungua intaneti ya kasi huko kwenye mitambo yao, ila kifaa cha nyumbani nijinunulie mwenyewe. Akaniandikia jina la kifaa kwenye karatasi, herufi nne kubwa na maneno ya Kiingereza chini yake.

"Usinunue kingine, mzee. Kiwe hiki hiki."

Nikaikunja karatasi nikaitia mfuko wa shati. Lakini mtu mzima kwenda dukani na karatasi mkononi nilikuona kama mtoto aliyetumwa chumvi. Nikafanya nilivyozoea. Nikachomoa waya wa simu ukutani, nikauviringisha, nikautia kwenye rambo, nikawasha pikapu kwenda Ruangwa.

Ruangwa kulikuwa na duka la mtani wangu. Alikuwa amechimba dhahabu Namungo, akapata, akatoka kabla haijamnyang'anya alichopata, akafungua duka la redio, simu, sola na vitu vya kompyuta. Nyuma alikuwa na banda la kuonyesha mpira. Kwa makabila yetu mimi na yeye ni watani, na anayejua utani anajua shida yake: mtu huyo anaweza kukutukana mbele za watu na wewe huruhusiwi kukasirika.

"Ala, umefika?" akasema. "Niliambiwa umekufa. Nimeshakununulia sanda, kipande kilichobaki nimeshona shati."

"Ndiyo hilo ulilovaa? Limekukaa kama maiti kweli."

"Unataka nini, marehemu?"

Nikamwekea waya mezani. "Nataka kifaa cha intaneti cha kuingia huu."

Akanitolea maboksi. Nikajaribu moja moja. La kwanza tundu kubwa. La pili halina tundu kabisa. La tatu nikachomeka, ukasema tik, ukakaa. Nikauvuta, hautoki mpaka ubonyeze kishikizi. Kwangu mimi hapo kazi imekwisha. Nikachukua, nikarudi na vumbi langu.

Binti akaliunganisha na kompyuta yake, ile kubwa aliyoletewa kutoka Dar ikiwa imeshatumika. Lile dude likalia kama paka aliyebanwa mlangoni. Likalia, likanyamaza, likalia tena. Siku mbili hivyo. Siku ya tatu binti akapita ofisi ya simu, akarudi amechoka.

"Baba, hii ni modemu ya zamani. Hii inapiga simu kama mtu anavyopiga. Laini yetu wameshaibadilisha iwe ya kasi, na hii haielewani nayo."

"Waya umeingia."

"Umeingia, ndiyo."

"Umeingia na kukaa. Sasa haielewani nini?"

Akalirudisha lile dude kwenye boksi, akanikabidhi.

Nikarudi Ruangwa. Mtani aliponiona na boksi akaita watu waliokuwa bandani wanasubiri mpira. "Njooni mwone, fundi wa mashine amerudisha spea." Wakaja kweli. Ningefanya nini? Mtu mwingine ningemjibu akajuta, lakini mtani humkasirikii. Nikacheka nao.

Safari hii akanipa kifaa cha kisasa, kina pembe mbili kama mbuzi na taa nyingi mbele. Akasema hicho kinarusha mtandao nyumba nzima bila waya. Nikachomeka waya wangu nyuma. Ukaingia, lakini ulikuwa unacheza. Tundu limeuzidi kidogo kila upande.

"Unacheza," nikamwambia.

"Hata wewe ukilala jeneza litacheza, umekonda. Chukua."

Kucheza hakukunitisha. Kwenye mashine, puli ikicheza kwenye shafti unakata kipande cha bati, unakiingiza, inashika miaka. Nilipofika nyumbani nikakata ukingo wa kopo la samaki, nikaukunja, nikaubana pembeni ya waya. Ukakaza vizuri. Taa zikawaka, nikafurahi, nikaondoka kwenda kusaga.

Binti aliporudi shuleni akaita.

"Baba, umeweka nini humu?"

"Bati. Ulikuwa unacheza."

Akachomoa, akalitazama lile bati, akanitazama mimi. "Hili tundu si la waya wa simu. Hiki ni ruta, kinasubiri modemu ikiletee mtandao, na modemu hatuna. Baba, pale ofisini hawakukuandikia?"

"Waliandika."

"Karatasi iko wapi?"

Karatasi ilikuwa kwenye shati, na shati lilikuwa kwenye kamba linakauka. Nikaingiza vidole mfukoni nikatoa kidonge cha pamba nyeupe. Tukakitazama wote wawili. Zilikuwa zimebaki siku sita.

Jumamosi akasema tunakwenda wote, na mimi nisishike kitu. Njia nzima aliangalia mashamba ya ufuta. Alikuwa amepita tena ofisini, akanakili zile herufi nne kwenye daftari. Kufika, akamwamkia mtani wangu, akaomba maboksi yote, akaanza kusoma migongo yake. Mimi nilikuwa naangalia matundu. Yeye hakufungua hata boksi moja.

"Hili siyo," anasema. "Hili siyo. Hili ni sawa kwa laini, lakini linataka tundu la mtandao kwenye kompyuta, na yangu ni ya zamani, haina. Hamna lenye herufi hizi na waya wa USB?"

Mtani akainama chini kabisa ya kabati, akatoa boksi lenye vumbi. Binti akasoma mgongo wake mpaka mwisho, akasema ndilo.

"Lilikuwepo siku zote?" nikamwuliza mtani.

"Lilikuwepo."

"Mbona hukunionyesha?"

"Uliniuliza? Ulikuja na kamba, ukasema nataka cha kuingia hii. Nikakupa kinachoingia. Huyu mwenzio amekuja na maneno." Halafu akamgeukia binti yangu, kwa heshima kabisa: "Mwalimu, huyu mzee msimruhusu tena kutoka peke yake."

Binti akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza wiki ile, basi nikaliacha lipite.

Tukakifunga kifaa Jumapili. Taa ya laini ikapepesa, ikawaka, tukashangilia, ikazima. Ikapepesa tena. Jumatatu hivyo, Jumanne hivyo. Kifaa sahihi, laini sahihi, kompyuta imekubali, na taa inatuchezea. Jumatano binti akaanza kuuliza nauli za kwenda Masasi, maana pale pa mjini palikuwa pamefungwa tena. Mkuu wa shule akamnyima ruhusa, mitihani ya muhula ilikuwa Alhamisi na Ijumaa. Nikaenda ofisi ya simu, nikakaa kwenye benchi lao, nikawaambia sitoki mpaka fundi atoke na mimi. Alhamisi mchana wakanipa fundi.

Alikuwa mtu wa makamo, mpole, ana ngazi na mkanda wa vifaa kiunoni. Akapima nje kwenye nguzo, sawa. Akapima ukutani, siyo. Akaanza kuufuata waya kwa macho. Ukapanda darini, ukatokea nyuma, ukapita juu ya banda la kuku, ukaingia kwenye banda la mashine yangu.

"Mzee, huku kuna simu nyingine?"

Kulikuwa na simu nyingine. Nilipopata laini miaka ya tisini, mashine ikinguruma nilikuwa sisikii simu ya ndani, na wateja wa korosho walikuwa wanapiga. Nikavuta waya mwenyewe mpaka mashineni, nikafunga simu ya pili na kengele kubwa. Mtaa mzima walikuja kuitazama. Hata jamaa wa serikali hawakuwa na simu mbili.

Fundi akapanda ngazi, akafunua maungio.

"Nani alifunga hii?"

"Fundi mmoja," nikasema. "Alihama."

Binti yangu, ambaye alikuwa amekuja mbio wakati wa mapumziko ya mtihani, akainua macho akaangalia paa la banda la kuku.

"Alikuwa fundi wa nini?" fundi akauliza kutoka juu ya ngazi.

"Wa mambo mengi."

"Maana ameanza na waya wa simu, katikati ametia waya wa spika ya redio, huku mwisho waya wa kengele. Na hapa amefunga mpira wa tairi ya baiskeli."

"Miaka yote hiyo simu inalia."

"Sauti inavumilia, mzee wangu. Intaneti haivumilii. Inapotelea humu yote." Akashuka. "Utoke wote. Ile simu ya sebuleni tutaifungia kidude cha kuchuja, lakini huu utoke."

Akatoa koleo. Nikamwambia alete. Nikapanda mwenyewe, nikakata mwanzo, nikakata mwisho, nikauvuta kutoka darini mpaka mikono ikawa myeusi. Nilipoingia ndani taa ya laini ilikuwa inawaka, imetulia. Fundi alikuwa anakunywa chai. Nikakaa kuitazama kwa muda mrefu nikiisubiri izime. Haikuzima.

Ijumaa binti alitoka kusimamia mtihani saa tisa kasoro. Kazi yake ilikuwa na ramani na picha za mmomonyoko wa udongo, nzito kwelikweli. Akaanza kuituma. Ikafika nusu, mimi huko nyuma nikawasha mashine, taa za nyumba zikafifia kama kawaida, na kile kifaa kikazima na kuwaka upya. Ikabidi aanze mwanzo. Nikamsikia ananiita baba kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

Nikazima mashine. Nikasimama mlangoni mwa banda la mashine. Wanawake walikuwa wamejaa na ndoo zao, wengine wametoka mbali.

"Umeme umekatika?" mmoja akauliza.

"Upo."

"Sasa tunasubiri nini, mzee?"

"Kazi ya mwalimu inapita."

"Inapita wapi? Mbona hatuioni?"

"Inapita kwenye waya."

Wakaangaliana. Bibi mmoja wa Kimakonde, mteja wangu wa siku nyingi, akasema, "Na unga wangu upite basi kwenye hicho kiwaya, nami nikapike." Wakacheka mpaka wakaegemeana. Nikawaacha wacheke. Mwingine akataka kubeba ndoo yake aende kwa jirani, nikamwambia aende, na akienda asirudi. Akakaa.

Nilikuwa nimeshika swichi. Saa yangu ilisema tisa na dakika arobaini. Kutoka pale dirisha la sebule lilikuwa linaonekana, na mgongo wa binti yangu umenyooka kama mtu anayepigwa picha. Hakugeuka. Bibi akauliza tena kama bado, nikasema bado. Akaketi juu ya ndoo yake.

Halafu binti akatoka mpaka kizingitini, amejishika kiuno.

"Wameipokea."

"Wamesema wenyewe?"

"Wameandika. Wameipokea, baba, na saa iliyofika wameiweka, kumi bado."

Nilitaka kumwuliza mengine, lakini wanawake walishasimama na ndoo kichwani wanasukumana mlangoni.

"Ya kwake imefika," bibi akasema. "Haya, washa."

Nikawasha.