Sikio la Mzee Gurusami

Mzee Gurusami alinigombeza mara mbili kila mwaka, na kwa kosa lile lile. Januari kabla shule haijafunguliwa, na tena Julai, aliingia jikoni kwangu na kukuta mtungi mwekundu wa kuzimia moto umesimama sakafuni, ukiuzuia mlango usijifunge. Mlango wa jiko la bweni letu hapa Labasa, mji wa miwa, una tabia ya kujibamiza, nami nina sufuria za wasichana mia na ishirini za kubeba. Nilimwambia hivyo. Akajibu kwamba moto nao hautaniuliza nina sufuria ngapi. Kisha aliunyanyua mtungi, akaufuta unga wa ngano kwa pindo la shati lake mwenyewe, akautundika kwenye ndoano yake. Akishaondoka, niliushusha tena.

Nayasema haya mapema ili msije mkadhani mimi ndiye mtu mwema wa habari hii.

Gurusami alikuwa mtoto wa wakata miwa, na yeye mwenyewe alikata miwa mpaka alipopata kazi ya kukagua mitungi. Maduka, makanisa, mahekalu, magari ya kubeba miwa, yote alikuwa akiyazungukia yeye. Ujanani aliona duka la jirani yake likiteketea. Jirani alikuwa na mtungi, na mshale wa kipimo chake ulikuwa kwenye kijani, maana yake gesi imejaa. Akachomoa pini, akabana kishikio. Mtungi ukakohoa mara mbili, ukatema unga wa kuzimia moto wa kujaza kikombe, basi. Unga wote uliobaki ulikuwa umeganda ndani kama jiwe. Watu walitoka wazima, lakini Gurusami hakumsahau yule jirani aliyesimama barabarani, mtungi mkononi, akitazama duka lake.

Ndiyo maana hakuuamini mshale. Kila mtungi aliupindua kichwa chini, akaugonga kitako kwa nyundo ya mpira, akaweka sikio. Unga ulio macho hushuka kwa kishindo kidogo, kama mtu aliyejitupa kitandani. Unga uliolala haushuki, na mtungi huo aliondoka nao. Akiridhika, aliandika tarehe na jina lake kwenye kadi iliyoning'inia shingoni mwa mtungi. Mimi nilipika chini ya jina hilo miaka kumi na tisa bila kulisoma.

Miaka miwili ya mwisho alianza kuja na mkewe, Anjalamma, mwanamke mrefu asiye na maneno mengi. Mzee alisema mkewe amechoka kukaa nyumbani peke yake, binti yao Saroj ameolewa mbali. Anjalamma aliketi juu ya gunia la ngano na kumtazama mumewe akifanya kazi. Mzee akishagonga na kusikiliza, aligeuka kumtazama. Mama wa watu akivuta shela yake juu ya kichwa, mzee aliandika kadi. Akiweka mkono gotini, mzee aliuweka mtungi kando. Nami nikajisemea, haya ndiyo mapenzi ya uzeeni, mtu hawezi kuandika hata jina lake bila kumtazama mkewe. Niliwaonea wivu, sitaficha.

Kumbe mzee alikuwa kiziwi. Masikio yalikuwa yamekwenda kidogo kidogo, na vidole, ambavyo vingeweza kusikia mtikisiko, vilikufa ganzi kwa kisukari. Kampuni ikijua, ingemnyang'anya kibali siku hiyo hiyo, na kazi ile ndiyo iliyokuwa imebaki kumwita mwanamume. Basi wakapatana wao wawili, mke asikie, mume aandike. Jiko likiwa kimya wakati wa likizo, sauti ya unga ilimfikia Anjalamma pale guniani bila shida.

Januari ile haikuwa kimya. Mvua ilishuka juu ya bati hata sikujisikia nikisonga ugali wa mbwa wa mlinzi. Nilimwita mzee mara tatu anywe chai. Akapindua mtungi wa mlangoni, ule ule wangu, akagonga, akaweka sikio, akamtazama mkewe. Anjalamma hakugusa shela wala goti. Mzee akagonga tena. Akatazama tena. Hakupata kitu.

Chai ilikuwa inapoa, na ulimi hauna mfupa. Nikamwendea karibu, nikapaza sauti nikicheka, "Mzee wangu, leo masikio umeyaacha nyumbani?"

Nilikuwa natania tu. Lakini nilimwona Anjalamma akiinamisha uso, na hapo hapo yote yakaniingia: shela, goti, zile safari za kuandamana. Laiti ningeweza kuyarudisha yale maneno mdomoni na kuyameza.

Mzee alikuwa ameona mdomo wangu, na ameona uso wa mkewe. Akaichukua kalamu, akaishika kadi. Nilijua nini kingefuata, na ningemwelewa. Mshale ulikuwa kwenye kijani. Jina moja tu, na angeondoka na heshima yake.

"Baba Saroj, usiandike," alisema Anjalamma, kwa sauti ya chini. Mzee hakumsikia. Mkewe akasimama basi, na mbele yangu, waziwazi, akatikisa kichwa.

Mzee akaiweka kalamu mezani, karibu na kikombe chake.

"Mama Vasiti," aliniambia, kwa sauti kubwa kuliko alivyodhani, "mimi sisikii. Mwaka wa pili huu. Anayesikia ni huyu."

Alimwita mkewe kwa mkono, na Anjalamma akapiga magoti sakafuni kwangu, akashusha shela mabegani, akalaza sikio kwenye chuma. Mzee akagonga. Mara moja, mara mbili, mara tatu.

"Umelala," mkewe akasema, akimtazama usoni ili ausome mdomo.

Tulitoka na mtungi hadi barazani. Mzee akachomoa pini, akabana. Mtungi ukakohoa, ukatema unga kidogo juu ya nyasi, gesi ikaisha. Miaka yote ile nilivyoubamiza sakafuni na kuusukuma kwa mguu, ndivyo nilivyoushindilia unga wake. Mzee alijua hilo, nami nilijua kwamba anajua, lakini siku hiyo hakunigombeza. Aliketi kwenye ngazi, mvua ikimrushia miguuni, akafunika uso. Anjalamma akaketi kando yake na kumfuta unga mikononi kwa shela, kidole kimoja kimoja, ingawa vidole vile havikusikia kitu. Nililia nikiwa nimesimama mlangoni.

Wiki iliyofuata alikirudisha kibali mwenyewe. Mitungi yote ya miaka ile miwili aliomba ikaguliwe upya, na nasikia kila mmoja alioupitisha ulikuwa macho, hata mmoja haukukosewa. Alikuwa na sikio zuri, ila lilikaa kichwani mwa mtu mwingine.

Julai walikuja tena, na mtungi mpya ulikuwa kwenye ndoano yake. Mlango nimeuwekea jiwe. Safari hii Anjalamma ndiye aliyevaa shati la kampuni, baada ya miezi mitatu ya mafunzo akiwa na wajukuu tayari, na mzee ndiye aliyeketi juu ya gunia la ngano, nyundo mapajani, akisubiri kuombwa.

Anjalamma akapindua, akagonga, akasikiliza. Kalamu ilikuwa mkononi mwake, na jina la kuandika lilikuwa lake. Hata hivyo aligeuka kwanza kumtazama mumewe, akavuta shela juu ya kichwa.

"Andika," mzee akasema.