Mlinzi wa Magofu

Gülizar, anayekamua komamanga langoni, humtambua mlinzi wa magofu kwa kikohozi chake kabla hajamwona. Kila jioni mlinzi huyo hushuka kutoka kwenye misonobari akipapasa nguzo moja moja, kama mtu anayehakikisha mbuzi wake wote wamerudi zizini. Halafu hupuliza filimbi kuwaamsha wageni waliolewa kwa upepo wa bahari. Hana simile. "Tunafunga, bwana! Bahari haiendi popote, utaikuta kesho!"

Juzi bibi mmoja aligoma kuondoka. Alikuwa ameketi katikati ya uwanja wa tamasha wa watu wa kale, nyasi zikimchezea miguuni.

"Bibi, tunafunga."

"Unanifukuza kwangu, mwanangu? Hapa ndipo nilipozaliwa, kabla wachimbaji wa magofu hawajatuhamisha wachimbue mawe yao."

Gülizar alingoja filimbi ilie. Haikulia. Mlinzi alivua kofia, akauliza taratibu, "Mlango wenu ulikuwa wapi?"

Bibi akanyoosha kidole penye nyasi, kati ya nguzo mbili zilizovunjika. Mlinzi akazunguka hadi pale, akasimama mbele ya mlango usiokuwepo, akainamisha kichwa.

"Hodi."

 Bibi akaweka sawa kitambaa chake cha kichwa, akasogea kumpa nafasi.

"Karibu ndani. Ila vua viatu, nimepiga deki sasa hivi."

Mlinzi akainama, akaanza kufungua kamba.