Wimbo Tulioukuta Ukumbini

Alasiri ile ya Jumapili naikumbuka vizuri, mwanangu, maana ndiyo iliyonifunza kusikia, mimi niliyedhani najua kupiga. Nilikuwa binti mbichi, nikiuza kanga katika duka la shangazi yangu, mtaa mmoja karibu na Msimbazi. Kodiani, kile kinanda cha kuvuta kifuani, nilifundishwa na mjomba, mpigaji wa taarabu kwenye maharusi. Wateja wakipungua, naishusha kutoka rafuni, naivuta kidogo, ili mradi siku iende. Ukiviona leo hivi vidole vimekakamaa usidanganyike, vilikuwa vinakimbia.

Basi akaja mzee mmoja mrefu, mwembamba, kumnunulia mkewe kanga. Jina lake Mzee Mbaruku, na Kariakoo walimjua kwa tarumbeta. Alisimama nje mpaka nikamaliza kupiga, ndipo akabisha hodi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Jumapili ijayo tunarekodi albamu ya jazi, moja kwa moja ukumbini, watu wamekaa wanatusikiliza. Tuko watatu. Nataka uwe wa nne."

"Tutapiga nyimbo gani?"

"Sijui," akasema. "Bado hazijawa."

Shangazi alicheka, akasema uzee umemwingia. Lakini mimi lile jibu liliniwasha, kama punje ya ufuta iliyonasa kwenye jino. Ulimi hauachi kuirudia. Watu wanne watapandaje jukwaani bila kujua wanaenda wapi? Na nani atakayewaambia wamefika?

Nikamfuata Elisante, mpiga besi wa Mzee Mbaruku, kijana wa Kilimanjaro aliyekuwa na duka la vipuri vya baiskeli mtaa wa pili. Nilimkuta anafuta grisi mikononi.

"Kaka Elisante, mnajuaje pa kwenda?"

"Mimi na wewe hapa tunaongea. Kuna mtu amekuandikia maneno?"

"Hakuna."

"Mbona hatugongani?"

"Nakusikiliza."

"Ndiyo hivyohivyo. Tunakubaliana sauti ya kuanzia na mwendo wa ngoma. Yanayobaki ni mazungumzo." Kisha akashusha sauti. "Ila jua kitu kimoja. Daktari amemwambia mzee kifua kimechoka, aache kupuliza. Ameomba hii moja tu. Ukumbi tumeazima, mitambo tumeazima. Ikiharibika, ndiyo basi."

Kuuliza si ujinga, mwanangu, ila kusikia jibu ni jambo moja na kuliamini ni jingine. Niliporudi nyumbani nikatunga kipande changu, nikakirudia mpaka majirani wakawa wanakiimba. Nikasema, wao na wabahatishe, mimi sitaaibika mbele za watu.

Ukumbi wenyewe ulikuwa mdogo, kule Ilala, una viti vya mbao na madirisha wazi. Watu walijaa. Shomari, mpiga ngoma, akaanza polepole, Elisante akamfuata, Mzee Mbaruku akaingia juu yao. Zamu yangu ilipofika nikakitoa kile kipande kizima, bila kosa hata moja. Makofi yakalia, kichwa kikanivimba. Sikuona kwamba wenzangu watatu walikuwa wamerudi nyuma, wananisubiri nimalize, kama watu wa barazani mgeni anapoanza kuhutubia.

Ulipoingia wakati wa swala ya alasiri tukapumzika. Baada ya swala, Mzee Mbaruku akaniita uani, akanipa kahawa na kipande cha kashata. Hakufoka.

"Binti, ulichopiga kitamu."

"Ahsante, mzee."

"Lakini ni kiporo. Umekipika kwenu, umekuja kukipasha mbele yetu. Shomari alikuuliza neno kwa ngoma zake, hukumjibu. Elisante alikufungulia mlango, wewe ukapita dirishani. Sisi tulikuita tupike pamoja."

Uso ulinichoma. Nikauliza, "Na nikikosea?"

"Utakosea. Hata kosa ukilisikiliza lina pa kukupeleka."

Jifya moja haliinjiki chungu. Hilo nilikuwa nalisikia tangu utotoni, ila sikuwahi kulizingatia.

Tuliporudi jukwaani sikuwa na akiba tena. Nikaipakata kodiani, nimeifunga, nikasikiliza. Na hapo, mwanangu, ndipo mambo yalipoanza kunishangaza. Nilisikia Elisante akirudia neno moja na kuligeuza kila mara. Bibi mmoja mbele akacheka, na Shomari akamjibu kwa vijiti vya ngoma zake. Nilimsikia Mzee Mbaruku akipuliza sentensi fupifupi, na katikati yake akiiba hewa. Nikawa najiuliza kila anapoanza: hii itaishia wapi? Hamu ya kujua ikanifanya niisahau hofu.

Kisha akainua tarumbeta, akaanza kupanda, kupanda, na katikati ya kupanda huko sauti ikakatika. Akaishusha, mkono mmoja kifuani. Ukumbi kimya. Shomari alinitazama. Elisante akabaki anazungusha besi palepale, haendi mbele wala harudi.

Nikaishika ile sauti pale mzee alipoiachia, nikaivuta chini, taratibu. Sikuimalizia sentensi yake, nilimuuliza tu. Halafu nikanyamaza. Mzee akainua macho, akavuta pumzi ndefu, akajibu kwa sauti tatu. Nikauliza tena, akajibu kwa mbili. Tukaenda hivyo, yeye akisema pumzi ikimruhusu, sisi tukimtunzia nafasi, na wimbo ukatufikisha mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufika. Mwishowe akaweka sauti moja laini, na sote tukaacha pamoja, bila ishara ya mtu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Fundi wa mitambo alitaka kukata pale palipokatika. Mzee Mbaruku akakataa. "Ukipaondoa hapo," akamwambia, "watu hawatajua kwa nini binti aliingia." Basi pamebaki, na pumzi ile imebaki, ukitega sikio unaisikia.

Hakupuliza tena baada ya siku ile, lakini aliishi miaka. Alikuwa akija dukani, anakaa kwenye benchi, ananiuliza, "Leo umesikia nini?" Hakuniuliza hata siku moja nimepiga nini. Juzi mjukuu wangu kanisikilizisha albamu ile kwenye simu yake. Nilikuwepo, nimepiga mwenyewe, na bado kimya kile kikifika nabaki najiuliza kitafuata nini.

Sasa nisikilize, mwanangu. Kazi yako ijue mpaka vidole viijue bila wewe. Hilo halina mjadala. Lakini ukifika penye watu, iwe kazini, iwe kwenye ndoa, iwe kikaoni, usiende na maneno yote yameshaiva kinywani. Sikiliza kwanza. Uliza, na ukijibiwa uliza tena. Ukimwona mwenzio kakwama katikati, usimmalizie maneno yake, wala usimwache peke yake. Shika pale alipoishia, mpe nafasi naye aendelee. Na jambo likiwa halijapata jina, usilikimbie. Lisogelee ulione.

Mwenyezi Mungu akupe sikio pana na moyo usiochoka kuuliza. Akukutanishe na wenzi wenye subira, akuruzuku cha halali, na umri wako aujaze kheri. Nenda, mwanangu, radhi zangu unazo.