Uwanja Aliposimama Baba

Mchezo wetu ni rahisi kuueleza. Mtu anaweka kundini picha ya zamani ya uwanja wa ndege, jibu anakaa nalo mwenyewe, na sisi wengine tunakisia. Ramani za setilaiti ni marufuku mpaka kesho yake. Tuko kama watu thelathini kwenye simu, wengi hatujawahi kuonana uso kwa uso.

Mimi ni mwalimu wa jiografia Muleba, naishi Izigo, na ndege nimepanda mara mbili tu maishani. Lakini nionyeshe rangi ya udongo, mlima wa nyuma na kibanda cha abiria, nitakwambia kama ni Mpanda au Nachingwea. Nikipatia, darasa zima litajua asubuhi. Sisi Wahaya tunasemwa kwa majivuno, na kwa upande wangu wanaosema hawajakosea.

Mwaka jana niliweka picha ya baba yangu.

Ndiyo picha yake pekee tuliyo nayo. Kijana mwembamba amesimama kwenye nyasi, mkono juu ya bawa la ndege ndogo, na nyuma yake maji. Alifariki kabla sijaanza kutembea. Picha ilitundikwa sebuleni kwa baba mkubwa, kwenye fremu nene ya mbao, naye alituambia ilipigwa Entebbe, baba alipokwenda Uganda kutafuta kazi.

Mama alikataa. Kwao ni pembeni mwa mji wa Bukoba, na alisema picha ilipigwa pale pale Bukoba, siku waliyokutana, na kwamba yeye mwenyewe yumo ndani yake. Tukiwa watoto tulibandika pua kwenye kioo tukimtafuta. Hakukuwa na mwanamke yeyote. Tulicheka, na mimi nilicheka kuliko wote. Nikamwambia, "Mama, labda uko ndani ya ndege."

Tangu siku ile hakutusimulia tena lolote juu ya baba. Ukimuuliza alisema, "Muulizeni baba yenu mkubwa, yeye ndiye anayejua." Nimefika miaka hamsini na miwili bila kujua hata kama baba alikuwa mtu wa kucheka au wa kununa. Jambo hilo limeniuma zaidi kadiri ninavyozeeka, maana mama naye anazeeka.

Baba mkubwa alipofariki, picha ikaja kwangu. Kioo kilikuwa kinameremeta kwenye kamera ya simu, kwa hiyo niliitoa picha kwenye fremu, nikaipiga juu ya meza, nikaituma kundini. Jibu nilikuwa nimeshaliandika kwenye daftari langu: Entebbe.

Hazikupita dakika mbili mtu akajibu: Bukoba. Nikaandika: Hapana. Wa pili: Bukoba. Hapana. Rubani mmoja mstaafu akasema kile kipande cha kisiwa chini ya bawa ni Musira, amekiona mara nyingi akija kutua. Nikamjibu kwamba ziwa ni hilo hilo moja na visiwa viko kila upande. Alipokuja wa tano na Bukoba yake, nikatishia kulifunga swali. Mwalimu mzima, nakataza watu kupatia!

Ndipo akaandika mama mmoja wa Bukoba mjini, ambaye familia yake imekaa karibu na uwanja tangu enzi za babu zake. Kwa kawaida haandiki zaidi ya "Alhamdulillah" na "Ahsanteni".

"Samahani mwalimu wangu, hilo jibu ulipewa na nani? Maana huyo wa ukingoni kushoto amebeba nyasi za migomba. Wanawake walikuwa wakizikata pembezoni mwa uwanja. Bibi yangu alikuwa akiwauzia chai."

Nikaikuza picha. Ukingoni kabisa, mahali ambapo fremu ilikuwa imepafunika miaka yote, kulikuwa na kiwiko, upande wa khanga, na nusu ya mzigo wa nyasi ndefu uliofungwa kwa kamba za mgomba. Nilikuwa nimeuona wakati naipiga, nikadhani ni doa. Mimi niliyekulia kijijini kwetu Kaagya, niliyebeba mizigo kama ile kutoka rweya, nyika yetu ya wazi, kuja kutandaza chini ya migomba! Uso haukuwemo, lakini sikuuhitaji. Aibu ilinipanda hadi masikioni, na pamoja nayo, nakiri, furaha.

Nikaandika kundini: "Ni Bukoba. Nimekosea mimi." Mmoja akauliza kama simu yangu imeibiwa.

Jumamosi nilikwenda Kaagya. Mama alikuwa jikoni anamenya ndizi. Nikampa picha ikiwa haina fremu.

"Mama, nisamehe. Umo."

Aliigeuzia kwenye mwanga wa mlango, akaugusa ule ukingo kwa kidole chenye utomvu.

"Mpaka watu wa kwenye simu wakuambie?"

"Nilikuwa mjinga, mama."

"Ulikuwa mtoto, waitu, mwanangu. Ujinga umeuongeza ukubwani."

Nikacheka, naye akacheka kidogo. Alisema baba mkubwa hakuwa na nia mbaya. Alipenda tu mdogo wake aonekane amefika mbali. Kisha akaendelea kumenya. Alimaliza ndizi mbili, na mimi nikaogopa kwamba mambo yataishia hapo. Nikajikaza nikauliza juu ya baba.

"Tata alikuwaje?"

Akaweka kisu chini.

"Alikuwa akikubeba mgongoni," alisema. "Kwa khanga yangu. Anakufunga vizuri, anatoka nawe mpaka barabarani. Wanaume wenzake wakamcheka, mwanamume gani anabeba mtoto hivyo. Akawaambia, chekeni tu, mwenye joto ni mimi."

Maisha yangu yote nilidhani mimi na yeye tulipishana tu mlangoni, kumbe nimelala mgongoni mwake, na watu walituona.

"Ulikuwa unamkojolea," mama aliongeza.

"Endelea, mama."

Akanisogezea ndizi na kisu cha pili. "Menya basi huku unasikiliza," alisema. "Nina mengi."