Simiti Mpaka Kwenye Matoka

Watu hapa Giakanja husema msumeno ndio uliokula vidole vyangu viwili. Uongo. Aliyevila ni ndugu yangu mkubwa, wa tumbo moja na mimi, na shamba lake limepakana na langu.

Baba alipotugawia, alipanda matoka mpakani, yale maua ya majani marefu ambayo kwetu ni shahidi kuliko karatasi. Anayeyang'oa amejilaani, yeye na watoto wake. Baba akafa. Mimi nikaenda Gakindu kuezeka nyumba za watu msimu mzima. Kurudi, matoka hakuna. Seng'enge mpya ilianzia palepale kona ya barabarani, halafu ikaja ikinijia upande wangu, mpaka huku chini nikawa nimepoteza hatua saba. Juu ya hizo hatua saba alikuwa amejenga zizi la ng'ombe.

"Matoka yako wapi?" nikamuuliza mbele ya wazee.

"Ati matoka? Kwani nimekula? Mimi niko na watoto, siwezi ng'oa matoka. Naapa sijang'oa."

Wazee wakashika kiapo chake. Mimi nikabaki na karakana yangu ya useremala na kipande cha matope mlangoni, ambapo hata punda hawezi kugeuka. Ubao mrefu niliukata nusu yake ikiwa imelalia seng'enge. Asubuhi moja ya mvua, mguu uliteleza nikiwa kwa msumeno wa umeme. Nilipona, lakini mkono wa kushoto haukurudi ulivyokuwa.

Mwaka jana nikasema basi, nitamwaga simiti hapo nje nifanyie kazi pakavu. Nikamleta fundi wa mawe, mzee aliyehamia hapa zamani kutoka magharibi ya nchi. Tulipima kwa hatua. Tukakubaliana: mawe chini, kokoto juu, unene wa kiganja, na mteremko wa vidole viwili ili maji yasisimame.

"Maji iende upande gani, bosi?"

"Tuchimbe kwanza."

Alianzia kona ya barabarani. Jembe halijaenda mbali akaniita. "Bosi, hii ni kitunguu gani?"

Nilipiga magoti. Ilikuwa mizizi ya matoka, mitatu, imefukiwa na murram, kile kifusi chekundu cha barabarani, na bado inatoa machipukizi meupe. Ndipo nikamwelewa ndugu yangu. Aliogopa laana, kwa hivyo hakung'oa. Alikata majani kwa panga, akafukia, akaapa kiapo cha kweli.

Fundi alivuta kamba yake ya kupimia juu ya ile mizizi mitatu, akaiachilia ifuate mstari. Ilipita chini ya seng'enge ikaenda kugonga katikati ya zizi.

Niliita wazee walewale. Wakachimba chini ya kamba kwa mikono yao, na kila hatua chache wakatoa mzizi, hadi mmoja ndani ya mbolea ya ng'ombe wake. Hakuna aliyemtazama ndugu yangu usoni.

Jioni alikuja kwangu, kofia mkononi. "Mdogo wangu, zizi libaki tu hapo. Damu ni damu."

"Damu? Yangu ilimwagika hapo kwa matope, hukuja hata na kitambaa."

"Basi nitatafuta mtu aje abomoe."

"Hapana. Utabomoa wewe. Si uko na vidole kumi?"

Siku mbili alibomoa. Nilitoa kiti nikakaa karibu, na chai yangu, ili asikose kuniona. Msumari ulimpasua kidole gumba. Akageuka kunitafuta, akingoja nimwambie pole. Nilikunywa chai.

Tulimwaga simiti mpaka kwenye mstari, tukaacha nafasi ya kiganja ambapo nilirudisha matoka. Fundi akauliza tena habari ya maji. Nikamwonyesha kwa ule mkono mbovu.

"Lakini bosi, hapo itaingia kwa mlango ya jikoni ya ndugu yako."

"Nimeuona huo mlango."

Fundi akainamisha ubao wake wa kusawazisha kuelekea huko.

Sasa mvua ikianza, nazima msumeno na kusimama hapo nje pakavu. Ndugu yangu hutoka na jembe, suruali imekunjwa hadi magotini, anachimba mtaro ambao kila mvua huufukia. Akiinua macho, ananikuta.