Jamu ya Mama Kule Karavia

Watu wengi wa familia wameniambia niiache hii hasira. Wanasema dada ni dada, damu haioshwi. Sawa. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyekuwa jikoni asubuhi ile, kwa hiyo nitasema jinsi ilivyokuwa.

Mama yetu ni mjane wa mfanyakazi wa reli. Alikuja mjini kutoka upande wa Mitwaba akiwa msichana, akawekwa kufanya kazi katika jiko la masista. Huko ndiko alikojifunza kupika jamu, ambayo kwetu Lubumbashi tunaiita konfitiri. Alipoolewa akapanda mipera minne nyuma ya nyumba yetu ya Kampemba. Tangu nipate akili, kila mwaka mvua zinapokaribia kwisha na mapera yanapoanza kuanguka yenyewe, tunawasha mbabula mbili, majiko ya makaa, uani na tunapika. Zamani tulikuwa watatu. Mimi niliponda mapera na kuyachuja mbegu. Dada yangu mkubwa, ambaye mpaka leo namwita yaya, alishika mwiko kwa sababu mikono yake ilikuwa na nguvu kuliko yangu. Mama alitia sukari na ndimu, na ni yeye peke yake aliyejua saa ya kuipua.

Kisha yaya akaolewa na mfanyabiashara wa Kivu ya Kaskazini, mtu mwenye malori, mpole, wa kusali kweli. Yeye simlaumu. Wakajenga mtaa wa Karavia, nyumba yenye lango la chuma na majani yanayokatwa kila wiki. Mwiko ukabaki kwangu.

Mwaka jana, mapera yalipokuwa yameiva, yaya alipiga simu. Alikuwa anaalika wake za wafanyabiashara wenzi wa mume wake kwa chai ya Jumamosi asubuhi.

"Mama, nataka konfitiri yako," alisema. "Chupa makumi mbili. Na muje nyiye wawili, tutakula pamoja."

Mama alifurahi kama mtu aliyeitwa na askofu. Miaka mingapi yaya hakuwa ameomba chochote chetu! Siku mbili tulipika. Siku ya kwanza tuliokota, tukaosha, tukachemsha, tukachuja mpaka vidole vikakunjamana. Mama alichanganya mapera mabichi machache na yale yaliyoiva, kwa sababu bila mabichi jamu haigandi. Siku ya pili ndiyo ya moto. Jamu ya mapera inapoanza kuiva inakuwa nzito, inatoa mapovu makubwa, na kila povu likipasuka linarusha tone. Tone moja lilimwangukia mama juu ya kifundo cha mkono na kushika. Aliposhtuka na kulifuta, ngozi ikatoka nalo. Nilimwambia akae, nitamaliza. Alikataa. Alifunga kitambaa akaendelea kukoroga, na kila mara akadondosha tone kwenye sahani baridi, akaiinamisha, akatazama kama linakimbia au linakunja uso.

"Bado," alisema. "Yaya yako hapendi ya maji-maji."

Ijumaa dereva wa yaya alikuja kuchukua chupa. Zilikuwa chupa za mayonezi na za kahawa, tulizozikusanya mwaka mzima na kuzichemsha. Jumamosi mama alivaa liputa, kitenge chake cha Pasaka, tukaenda.

Yaya alitupokea kwenye mlango wa nyuma. Nilidhani ni kwa sababu sebuleni walikuwa bado wanafagia. Alimbusu mama, akatuambia, "Mukae kwanza hapa mu cuisine, kidogo tu. Nitakuya kubaita." Hapo jikoni nikaziona chupa, lakini hazikuwa zetu. Jamu yote ilikuwa imehamishwa kwenye chupa ndogo ndogo za kupendeza, zenye vifuniko vilivyofungwa vitambaa vya mirabaraba, na karatasi zilizoandikwa Kifaransa kwa mwandiko mzuri. Chupa za mama zilikuwa tupu, zimetupwa kwenye kapu la takataka karibu na mlango. Hata kuoshwa hazikuoshwa.

Wageni wakafika. Tukasikia viti, vicheko, marashi yakatufikia mpaka jikoni. Hakuna aliyekuja kutuita. Mama hajui kukaa bure. Akaanza kumsaidia binti wa kazi kukata mkate. Mlango ulikuwa wazi, kwa hiyo nilisikia kila kitu.

Mwanamke mmoja alisema, "Hii konfitiri, mama! Uliitosha wapi?"

Na dada yangu, aliyekua akilamba mapovu ya jamu hiyo kwenye kijiko cha mti, akajibu, "Inatoka Bulaya. Rafiki yangu wa Bruxelles njo ananitumiaka."

Nilimtazama mama. Aliendelea kukata mkate, vipande vyote sawa sawa.

Baada ya muda yule mwanamke akaja mpaka mlangoni, chupa tupu mkononi, akamwonyesha mama kwa kidole. "Mama, leta ingine." Hakusema hata "mulete", kama tunavyomwambia mtu mzima. Alisema "leta", kama kwa mtoto. Mama akafuta mikono, akaweka chupa mbili kwenye sinia, akazipeleka. Nikamfuata mpaka mlangoni. Akaziweka mezani polepole, mkono wake wenye kitambaa ukipita mbele ya uso wa binti yake.

Yule mwanamke akamsifu usafi wake mbele ya wote. "Huyu muzee wako wa kazi eko propre. Ulimupata wapi?"

Nilingoja. Nasema kweli, nilimpa yaya nafasi. Angeweza kusema neno moja tu, mama, na yote yangekwisha kwa kicheko. Yaya alitabasamu, akashika kikombe chake, akasema, "Ni wa kule kwetu."

Sijui nilivukaje ule mlango. Nilijikuta nimesimama kando ya meza.

"Ni mama yake," nikasema. "Alimuzala. Na hii konfitiri haitoke Bulaya, inatoka Kampemba. Aliipika na ule mukono munaona umeungua."

Mwanamke mmoja akarudisha kijiko chake kwenye sahani bila sauti. Yule aliyesema "leta" akasimama, akashika mikono ya mama, akaanza kuomba msamaha, na machozi yalikuwa machoni mwake, ya kweli. Yaya hakusimama. Alinitazama mimi, si mama. Alinitazama kama mtu aliyeibiwa.

Mama akasema kwa sauti ndogo, "Tuende."

Nilidhani njiani atanishukuru. Tulipofika nje ya lango akasimama pale barabarani, kwenye jua, akanigeukia.

"Ni nani alikutuma?"

"Mama, balikuita mufanyakazi. Na yeye alikubali!"

"Hakukubali. Alisema tu niko wa kwetu. Haiko kintu kimoja."

"Ni kintu kimoja!"

"Masikio ni yangu. Nilisikia mbele yako. Kazi ya cuisine niliifanya kwa masista, na sikukufa. Sasa weye umemupatisha yaya yako haya mbele ya bantu, na ile haya haitatoka. Mi nilikuwa nishamusamehe, ile plateau ya chupa ikingali mu mikono."

Basi hapo ndipo hasira yangu ikawa mbili. Ningeelewa kama angesema ameumia. Lakini alisamehe kabla hajaombwa, akaninyang'anya hata haki ya kumlilia.

Sikuzungumza na yaya karibu mwaka mzima. Alipompigia mama simu nilitoka kwenda uani. Ndugu wa baba walikuja kutupatanisha, wakanywa soda zetu, wakaniambia mimi ndiye mdogo, mimi ndiye wa kwenda kuomba msamaha. Niliwauliza msamaha wa nini. Wakasema, wa kusema.

Mapera yalipoiva tena mwaka huu, gari la yaya likasimama mbele ya nyumba. Alishuka na mfuko wa sukari wa kilo kumi, akavua viatu vyake vya visigino, akavaa ndala za mama, akakaa kwenye kigoda kando ya mbabula bila kuombwa. Mama akampa mwiko kana kwamba alikuwa ametoka jana tu.

Tulifanya kazi saa nzima. Mama alipoingia ndani kutafuta ndimu, yaya akasema bila kunitazama, "Ile siku niliogopa. Bale bamama, kila mutu alikuwa anaulizwa baba yake alikuwaka nani."

"Baba alikuwa mutu wa reli," nikasema. "Kuna nini ya kuogopa?"

"Weye hauwezi kuelewa. Haukaake kule."

"Kweli. Na mama? Ulimuambia pardon?"

Akakoroga. Mwiko ulikuwa unakwaruza chini, nilisikia kwamba sukari inaanza kushika, na sikumwambia. Nilimwacha.

"Mama anajua," akasema mwishowe.

"Nilikuuliza kama ulimuambia."

Aliendelea kukoroga. Harufu ya kuungua ikapanda, mama akatoka mbio, akaisukuma sufuria kando kwa liputa lake, akatutukana sote wawili, kwa Kiluba, jambo ambalo hafanyi mara nyingi. Nusu ya jamu ilikuwa imeharibika. Ile nyingine aliijaza chupa sita, akampa yaya zote sita.

Yaya akamwomba aende naye Karavia kulala siku mbili tatu, awaone wajukuu. Mama akakubali papo hapo, akaingia kufunga mzigo. Alipotoka nao aliniuliza kama nakuja. Nikasema siji. Tangu siku ile ya chai sijaingia tena lango lile, na sitaingia mpaka nisikie neno la msamaha likisemwa, kwa mama, kwa sauti.

Gari likaondoka. Mimi nikabaki uani na sufuria iliyoungua, nikaisugua kwa mchanga na majivu mpaka jioni.